Kusoma Ramani ya Topografia: Anzia Pembezoni

Watu wengi wakikunjua ramani hukimbilia katikati. Wanatafuta jina wanalolijua, kisha barabara inayofika hapo, basi. Anayetaka kujua tu kama mji huu uko kaskazini mwa ule hana haja ya zaidi ya hayo. Lakini anayetaka kutembea porini, kupima umbali, kuchagua mahali pa kupitisha bomba la maji au kumwelekeza mtu bila kumpoteza, aanzie pembezoni, kwenye maandishi madogo yaliyo nje ya fremu. Makosa makubwa ya kusoma ramani mengi yana asili moja: jambo lilikuwa limeandikwa pale, na hakuna aliyelisoma.

Mwongozo huu unahusu ramani ya topografia, yaani ile inayoonyesha sura ya ardhi pamoja na mito, barabara na majengo. Mifano yote imetumia skeli ya 1:50,000. Andaa rula yenye milimita, penseli iliyochongwa vizuri, ukanda wa karatasi nyeupe, protrakta ya duara yenye nyuzi 360, na dira.

Hatua ya 1: Pembezoni

Kabla ya kutazama mto wowote, andika mambo haya kwenye karatasi:

- jina na namba ya shiti (karatasi moja ya mfululizo wa ramani), pamoja na namba za shiti jirani
- mwaka ambao ardhi ilipimwa au kupigwa picha za anga, na mwaka wa kuchapishwa
- skeli
- tofauti ya kimo baina ya kontua (mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja), na kama ni mita au futi
- mfumo wa rejea (datumu, itaelezwa katika Hatua ya 3) na aina ya gridi (mistari ya miraba juu ya ramani)
- mchoro wa kaskazini na tarehe yake

Miaka miwili hiyo usiichanganye. Ramani iliyochapishwa juzi inaweza kuwa imechorwa kutokana na picha za anga za miaka ishirini nyuma. Barabara, majengo, mashamba na mipaka ya misitu hubadilika upesi, na njia za miguu hubadilika upesi kuliko vyote. Vilima na mabonde hubaki. Kwa hiyo ramani ikiwa ya zamani, ziamini kontua kuliko barabara.

Ufunguo, yaani maelezo ya alama na rangi, ni rahisi, ila uusome kila mara unapopata ramani ngeni. Kwa kawaida buluu ni maji, kahawia ni kontua, kijani ni mimea, nyeusi na nyekundu ni kazi za binadamu. Huo ni mazoea tu, si sheria ya dunia nzima. Angalia hasa mstari wa buluu uliokatika vipandevipande: mara nyingi ni mto wa msimu, na anayetegemea kuchota maji hapo wakati wa kiangazi atakuta mchanga.

Jambo jingine kuhusu alama: hazichorwi kwa ukubwa wake halisi. Kwenye 1:50,000, mstari wa barabara wenye unene wa milimita 1 ungekuwa na upana wa mita 50 ardhini. Hakuna barabara ya kijijini ya namna hiyo. Imenenepeshwa ili ionekane. Matokeo yake ni kwamba mto, reli na barabara vikipita pamoja kwenye bonde jembamba, mchoraji hulazimika kusogeza kimojawapo pembeni. Usipime umbali kati ya nyumba na barabara kwa milimita za ramani ya skeli hii, hasa kama kuna mgogoro wa mpaka. Kazi hiyo ina ramani zake.

Hatua ya 2: Skeli na umbali

Skeli ya 1:50,000 maana yake sentimita 1 kwenye ramani ni sentimita 50,000 ardhini, sawa na mita 500. Sentimita 2 ni kilomita 1. Kwa ramani nyingine, futa sifuri mbili za mwisho upate mita: 1:25,000 ni mita 250 kwa kila sentimita, na 1:250,000 ni mita 2,500.

Skeli "kubwa" ni ile yenye namba ndogo upande wa kulia. Ramani ya 1:10,000 ina skeli kubwa kuliko ya 1:250,000, kwa kuwa vitu vyake vimechorwa vikubwa. Hapa hata watu wazoefu hujikwaa wakiagiza ramani.

Umbali wa mstari ulionyooka hupimwa kwa rula. Kwa barabara yenye kona fanya hivi:

1. Weka ukingo wa ukanda wa karatasi kwenye mwanzo wa safari, tia alama ndogo kwenye karatasi na kwenye ramani.
2. Fuata barabara hadi mahali inapopinda, tia alama nyingine.
3. Shikilia karatasi hapo kwa ncha ya penseli, izungushe ifuate kipande kinachofuata, tia alama.
4. Endelea hadi mwisho, kisha peleka karatasi kwenye skeli ya mstari iliyochapwa chini ya ramani na usome kilomita.

Skeli ya mstari ina fumbo dogo: sifuri yake mara nyingi haiko mwanzoni. Upande wa kulia wa sifuri kuna kilomita nzima, upande wa kushoto kuna kilomita moja iliyogawanywa. Weka alama ya mwisho kwenye kilomita nzima, na mabaki yasomwe kushoto mwa sifuri. Anayeanza kupima kutoka ncha ya kushoto kabisa hupunguza kilomita nzima bila kujua.

Skeli hiyo ya mstari ina faida kubwa: ukikuza ramani kwenye mashine ya fotokopi, mstari nao unakua kwa kiasi kilekile. Maandishi "1:50,000" hayakui, kwa hiyo yanageuka kuwa uongo. Kwenye nakala yoyote, karatasi au picha ya simu, tumia mstari.

Kipimo utakachopata kwa karatasi kitakuwa pungufu kidogo ya umbali wa kweli, kwa sababu kona ndogondogo za barabara zimenyooshwa katika uchoraji. Kwa njia ya miguu inayopanda mlima kwa kona nyingi, upungufu huo si mdogo.

Eneo nalo lina kanuni yake. Sentimita moja ni mita 500, lakini sentimita moja ya mraba ni 500 × 500, yaani mita za mraba 250,000, sawa na hekta 25. Kosa la kawaida ni kuzidisha kwa skeli mara moja badala ya mara mbili.

Hatua ya 3: Kutaja mahali kwa gridi

Ramani nyingi za 1:50,000 zina miraba ya kilomita 1, yaani sentimita 2 kila upande. Mistari ya wima ina namba zinazoongezeka kuelekea mashariki. Ya mlalo ina namba zinazoongezeka kuelekea kaskazini. Kwanza nenda mashariki, kisha panda kaskazini.

Tuseme shule iko ndani ya mraba ambao kona yake ya chini kushoto ni makutano ya mstari wa wima 34 na wa mlalo 72. Mraba huo unaitwa 3472. Hiyo inatosha kumwambia mtu "angalia humu". Kwa usahihi zaidi, pima kutoka mstari wa 34 kwenda kulia. Ukipata milimita 12, na kila milimita 2 ni sehemu moja ya kumi, hizo ni sehemu 6. Pima kutoka mstari wa 72 kwenda juu. Ukipata milimita 16, ni sehemu 8. Rejea ya tarakimu sita ni 346728, nayo inataja mraba wa mita 100 kwa mita 100, si nukta. Usijaribu kuongeza tarakimu nyingine kwa kukisia. Unene wa penseli peke yake ni mita 25.

Rejea hii ya tarakimu sita hujirudia kila baada ya kilomita 100. Ndiyo maana ni lazima itajwe pamoja na jina la shiti au herufi za mraba mkubwa.

Kuna mtego ambao umewapeleka wengi mahali pasipo pao. Katika gridi tunaanza na mashariki. Katika latitudo na longitudo desturi ni kuanza na latitudo, yaani kaskazini au kusini. Mpangilio umegeuka. Ukimwandikia mtu, andika pia herufi za pande ili asibahatishe. Vilevile 6°30′ si 6.30 bali ni 6.5, kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, basi kosa hilo la 0.2 ni zaidi ya kilomita 22.

Halafu kuna datumu, yaani umbo la dunia na mahali pa kuanzia kuhesabu ambapo wapimaji walikubaliana. Vipokezi vya GPS hutumia WGS 84. Ramani za karatasi za zamani zilitumia nyingine: Arc 1960 kwa Afrika Mashariki, NAD 27 kwa Amerika Kaskazini, ED 50 kwa Ulaya. Nukta ileile ya ardhi hupata namba tofauti katika kila mfumo, na tofauti huweza kufika mita mia kadhaa. Dalili yake ni hii: kila nukta ya GPS unayoiweka kwenye ramani inakosea kuelekea upande mmoja na kwa kiasi kilekile. Kifaa hakijaharibika. Badilisha datumu kwenye mipangilio yake ifanane na iliyoandikwa pembezoni.

Hatua ya 4: Kontua

Hapa ndipo ramani ya topografia inapopata thamani yake, na ndipo wengi wanapokata tamaa mapema.

Kontua ni mstari unaounganisha mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Ufuko wenyewe ni kontua ya sifuri. Bahari ingepanda mita 20, ufuko mpya ungepita juu ya kontua ya mita 20 bila kukosea. Kutokana na hilo mambo matatu yanafuata: kontua haikatiki katikati ya ramani, hujifunga au hutoka nje ya fremu, kontua za vimo tofauti hazipitani, isipokuwa pale penye mwamba ulioning'inia, na anayetembea juu ya kontua moja hapandi wala hashuki.

Kwenye ramani nyingi za 1:50,000 tofauti baina ya kontua ni mita 20, na kila ya tano huchorwa nene na kuandikwa kimo. Usiikisie tofauti hiyo. Isome pembezoni, au tafuta kontua mbili nene zinazofuatana, toa, kisha gawanya kwa tano. Ramani za zamani zikiwa na futi, zidisha kwa 0.3048 kupata mita.

Sasa soma sura ya ardhi:

Mistari iliyobanana ni mteremko mkali. Iliyoachana ni mteremko wa taratibu. Ikiwa hakuna mistari, ni tambarare, au karibu na hapo. Neno "karibu" lina uzito. Kilima cha mita 18 kinaweza kukaa chote kati ya kontua mbili za mita 20 na kisionekane kabisa. Korongo la mita 10 vilevile. Nafasi nyeupe kwenye ramani si ahadi ya uwanja.

Kontua zenye umbo la V au U ni bonde au mgongo wa kilima, na hapo ndipo wanaoanza huchanganya. Njia ya uhakika ni kuangalia namba. Ncha ya V ikielekea kwenye vimo vikubwa, ni bonde, na kama kuna mto ncha huelekea mto unakotoka. Ikielekea kwenye vimo vidogo, ni mgongo wa kilima unaoshuka. Kama namba haziko karibu, tafuta buluu: maji hayapiti mgongoni.

Miduara inayoingiana, ya ndani ikiwa na kimo kikubwa, ni kilele. Mduara wenye vijimistari vifupi vinavyoelekea ndani ni shimo. Vilele viwili vikiwa na mahali pa chini katikati yao, pale kontua zinapojibana kama kiuno, ndipo njia za miguu hupenda kuvuka safu ya milima.

Angalia pia mpangilio wa mistari kwenye mteremko mmoja. Ikiwa imebanana juu na kuachana chini, mteremko umebonyea, na aliye juu humwona aliye chini. Ikiwa imeachana juu na kubanana chini, mteremko umebinuka: aliye kileleni haoni mguu wa kilima. Kama unatafuta mahali pa kuweka mnara wa mawasiliano, au unataka kumwona mwenzako akiwa bondeni, tofauti hiyo ndiyo yote.

Kupata ukali wa mteremko kwa namba: tuseme kilele kina mita 1,480, chini kuna mita 1,260, na rula inasoma sentimita 5.5 kati yake. Tofauti ya kimo ni mita 220. Umbali ni 5.5 × 500 = mita 2,750. Gawanya 220 kwa 2,750 upate 0.08, yaani asilimia 8, au mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12.5 za kwenda mbele. Vizio vyote viwili viwe mita. Anayegawanya mita kwa kilomita hupata namba ya ajabu na mara nyingi haishtukii. Kumbuka pia kuwa 0.08 ni wastani. Ndani yake panaweza kuwa na ukuta wa mwamba, na ni kubanana kwa kontua tu kutakakokuonyesha.

Kwa kukadiria muda wa kutembea, kanuni ya mpanda milima wa Scotland William Naismith ya mwaka 1892 ingali inafaa: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Safari ya kilomita 10 yenye kupanda mita 600 ni saa 3. Hesabu kila kipandio, hata kama baadaye unashuka. Kutoa kimo cha mwanzo kwenye cha mwisho hakutoshi. Kanuni hiyo inamhusu mtu mwenye nguvu, kwenye njia nzuri, asiyepumzika. Kwenye vichaka, au mwenye mzigo, ongeza nusu ya muda huo na usione aibu.

Hatua ya 5: Kaskazini tatu

Mchoro wa pembezoni una mishale mitatu. Kaskazini ya kweli huelekea ncha ya dunia. Kaskazini ya gridi hufuata mistari ya wima ya ramani. Kaskazini ya sumaku ndiyo inayofuatwa na sindano ya dira. Mbili za kwanza hutofautiana kidogo, hasa karibu na ikweta. Ya tatu inaweza kuachana nazo kwa nyuzi nyingi, na inahama.

Mfano: ramani inasema mwaka 1995 sumaku ilikuwa nyuzi 3 magharibi mwa gridi, ikisogea mashariki dakika 5 kila mwaka. Hadi 2025 ni miaka 30, sawa na dakika 150, yaani nyuzi 2 na dakika 30. Imebaki nusu nyuzi tu upande wa magharibi. Anayetumia zile nyuzi 3 bado amekosea nyuzi 2.5, na baada ya kilomita 4 atakuwa nje ya mstari kwa mita 175 hivi. Kadirio la haraka: nyuzi 1 ya kosa ni mita 17 kwa kila kilomita. Kasi ya kuhama nayo hubadilika, kwa hiyo kwa ramani ya zamani sana ni bora kupata thamani mpya kutoka kwenye modeli ya sumaku ya dunia (WMM), ambayo hutolewa upya kila baada ya miaka 5.

Uelekeo huhesabiwa kutoka kaskazini kwenda kulia, nyuzi 0 hadi 360. Kutoka ramani kwenda dira: sumaku ikiwa magharibi, jumlisha, ikiwa mashariki, toa. Uelekeo wa gridi wa 68° penye sumaku ya nyuzi 8 magharibi husomwa 76° kwenye dira. Kutoka dira kwenda ramani, geuza.

Dira hudanganywa na chuma na umeme. Kaa mita 10 hivi mbali na gari au uzio wa waya, na mita 50 au zaidi kutoka nyaya za umeme mkubwa. Simu, kisu na spika ziondoke mkononi. Sindano ikigusa kifuniko upande mmoja bila kuzunguka, huenda dira ilisawazishwa kwa sehemu nyingine ya dunia. Inayotengenezwa kwa ajili ya nusu ya kaskazini huinama vibaya kusini.

Hatua ya 6: Kujua ulipo

Zungusha ramani hadi mshale wake wa kaskazini ulingane na ardhi, hata kama maandishi yatakaa kichwa chini. Kisha fuata utaratibu huu: ukijua ulipo, anza na ramani uende ardhini ("kushoto patakuwa na kilima, kiko wapi?"). Usipojua, anza ardhini. Taja kwanza unachokiona: bonde linaelekea wapi, kilele kipi ni kirefu zaidi. Halafu ndipo utafute mahali penye sura hiyo. Aliyepotea akianza na ramani atailazimisha ardhi ikubaliane na anachotamani, na ardhi yenye vilima vingi haikosi kumpa kinachofanana.

Kama kuna vitu viwili unavyovitambua kwa hakika, dira itamaliza kazi. Tuseme sumaku iko nyuzi 8 magharibi:

1. Lenga kilele cha kwanza: dira inasoma 310°. Toa 8, upate 302° ya gridi.
2. Geuza uelekeo: 302 − 180 = 122°. Kutoka kileleni chora mstari wa 122° kwa protrakta, sifuri yake ikifuata mistari ya wima.
3. Lenga cha pili: 52°. Toa 8, upate 44°. Kwa kuwa ni chini ya 180, jumlisha: 224°. Chora.
4. Mistari inapokatana ndipo ulipo.

Chagua vitu vilivyoachana kwa nyuzi kati ya 60 na 120; vikikaribiana, kosa dogo la dira hurefuka sana. Mstari wa tatu ni kiboko cha uhakiki. Mistari mitatu mara nyingi huacha pembetatu ndogo, na hiyo ni kawaida. Pembetatu ikiwa na pande za sentimita moja au zaidi, usichukue katikati yake: karibu hakika kilele kimoja si kile unachodhani.

Ukiwa barabarani au kando ya mto, uelekeo mmoja unatosha, kwa sababu barabara yenyewe ni mstari wa pili.

Ramani za simu

Yote yaliyotangulia yanahusika, na nyongeza chache. Skeli hubadilika kila unapokuza, kwa hiyo tazama kijistari cha kona kabla ya kukadiria umbali. Hakikisha kama ramani imewekwa kaskazini juu au inazunguka na mwili wako. Duara hafifu linalozunguka nukta yako ni kiasi cha mashaka: likiwa pana kama mitaa mitatu, simu haijui uko mtaa upi. Pakua eneo lote kabla ya kuondoka penye mtandao, na uwashe tabaka lenye kontua, kwa kuwa ramani ya kawaida ya barabara haina.

Ukipunguza hadi uone dunia nzima, usilinganishe ukubwa wa nchi. Programu nyingi hutumia makadirio (njia ya kuchora dunia ya duara kwenye karatasi bapa) ya Mercator, yaliyobuniwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Hulinda pembe lakini hunenepesha kila kilicho mbali na ikweta: kwenye latitudo 60 urefu huongezeka maradufu na eneo mara nne. Greenland huonekana kukaribia Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi.

Ukitumiwa namba za mahali bila maelezo, zichunguze kabla ya kuzifuata. Latitudo haizidi 90, basi namba ya kwanza ikiwa 110 zimegeuzwa. Zikiwa ndefu, moja ya tarakimu sita na nyingine ya hadi saba, huenda ni UTM, mfumo wenye kanda 60 za nyuzi 6 kila moja. Namba zilezile zinapatikana katika kila kanda, na katika nusu zote mbili za dunia, hivyo mrudie aliyekutumia akutajie kanda na kama ni kaskazini au kusini mwa ikweta.